JM Kariuki: Je, DNA ingewaanika waliomuua?

Ukitoka Nakuru kwenda Nairobi kwa matatu, unapita Mbaruk, Ziwa Elementaita linajitokeza mkono wa kulia, halafu harufu ya nyama choma ya Kikopey inakukumbusha kwamba mfukoni una nauli tu. Dakika chache baadaye uko Gilgil. Wengi wetu tukifika hapo huwa tumezama kwenye simu. Siku nyingine ukipita, hebu inua kichwa. Huko Gilgil amezikwa mtu ambaye nyanya yangu akisikia jina lake hunyamaza kwanza kabla ya kusema lolote. Anaitwa Josiah Mwangi Kariuki. Wakenya walimwita JM tu.

Aliuawa Machi 1975. Nusu karne imepita na hakuna hata mtu mmoja aliyehukumiwa kwa kifo hicho.

Kama uko kama mimi, umewahi kukesha ukitazama zile filamu za upelelezi ambapo kesi iliyolala miaka 40 inafufuliwa na mate kidogo tu yaliyobaki kwenye kikombe. Mimi nilisomea mambo ya maabara chuoni kwa mihula mitatu kabla karo haijanitoa mbio, kwa hivyo hizo filamu huniuma kidogo. Juzi nikajiuliza: na JM je? Kwa hii DNA tunayoimba kila siku, si tungewajua waliomuua?

Nilidhani jibu ni rahisi. Kumbe sivyo. Lakini kabla hatujafika huko, lazima umjue mwenyewe.

Kijana wa Kabatini

JM alizaliwa Machi 21, 1929, Kabatini, huko upande wa Bahati. Leo unafika huko kwa matatu kutoka mjini Nakuru. Wakati huo yalikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu. Wazazi wake walikuwa wametoka Nyeri kutafuta maisha Bonde la Ufa, wakawa maskwota. Yaani wanapewa kipande cha kulima na kufugia, na wao wanalipa kwa jasho lao kwenye shamba la mzungu. Ardhi si yao, na siku wakifukuzwa hawana pa kulalamikia.

Kijana alianza shule, karo ikakosekana, akaacha. Nikikiri ukweli, hapo ndipo nilipoanza kumpenda huyu mtu. Alirudi kufanya vibarua shambani kama wenzake. Halafu mwaka wa 1946 aliweka pesa kwenye mbio za farasi, farasi wake akashinda, naye akachukua ushindi huo akarudi nao darasani.

Najua unachowaza. Tafadhali usiende kubeti karo ya dadako Jumamosi hii. JM alishinda, akanunua masomo. Sisi tukishinda mia tano tunaiweka tena yote, halafu tunalaumu refa.

Masomo hayo yalimfikisha hadi King's College Budo, nchini Uganda, shule yenye jina kubwa Afrika Mashariki nzima. Alirudi nyumbani Oktoba 1952, siku mbili tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Akafungua hoteli mjini Nakuru. Mwaka uliofuata askari wakamkamata papo hapo hotelini, wakimshuku kuwa mfuasi wa Mau Mau.

Hakuachiliwa hadi 1960. Miaka saba, bwana. Fikiria uwekwe ndani ukiwa na miaka 24, utoke una 31. Alizungushwa kambi moja hadi nyingine, ikiwemo Manyani na Lodwar. Huko alijipa kazi ya hatari: kuandika barua za siri kwenda nje akilalamikia mateso ya wafungwa. Zilipogunduliwa alipigwa vibaya, na bado akaendelea kuandika. Baadaye aliyaweka yote kwenye kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1963, mojawapo ya vitabu vya kwanza ambapo mtu aliyekuwa kizuizini alisimulia mambo ya huko kwa mdomo wake mwenyewe.

Shika hilo la barua. JM alijua mapema kwamba jambo lisiloandikwa na kuhifadhiwa ni rahisi sana kukanwa.

Tajiri aliyewasemea maskini

Uhuru ulipokuja, alikuwa karibu kabisa na jiko. Alikuwa katibu wa binafsi wa Mzee Jomo Kenyatta. Aliongoza NYS ilipokuwa bado changa. Akawa mbunge, akawa waziri msaidizi. Pesa pia zikaja. Alikuwa na shamba kubwa Gilgil, na yule kijana aliyebeti farasi sasa alikuwa na farasi wake mwenyewe wa mashindano.

Kwa hivyo usinielewe vibaya, sikuuzii malaika. JM alikuwa bwanyenye aliyependa maisha mazuri. Kilichowatia wenzake hofu ni kwamba alikula mezani nao, kisha akatoka nje na kusema chakula hakijagawanywa sawa.

Ardhi ndiyo iliyomuuma zaidi. Alikuwa ameona mashamba ya walowezi yakibadilisha mikono, na mikono iliyoyapokea mingi ilikuwa ya wenye pesa na wenye vyeo. Waliopigana msituni na maskwota kama wazazi wake walibaki wakitazama kwenye ua. JM alionya hadharani kwamba Kenya ilikuwa inatengeneza matajiri wa kuhesabika kwa vidole na mamilioni ya ombaomba. Kwenye harambee alitoa pesa kwa mkono mpana. Watu wa kawaida walimpenda, hasa vijana na wanafunzi wa vyuo.

Serikali ikaanza kumnyima vibali vya mikutano. Uchaguzi wa 1974 ukafika, mikutano hana, na bado akashinda kiti cha Nyandarua Kaskazini kwa kishindo. Baada ya hapo kila mtu alijua kwamba huyu mtu hazuiliki kwa kura.

Siku tisa za Machi

Mapema 1975 Nairobi ilikuwa na wasiwasi wa mabomu. Jumamosi ya Machi 1, bomu lililipuka ndani ya basi la OTC katikati ya jiji na kuua watu 27. Kesho yake, Jumapili Machi 2, JM alionekana akitoka hoteli ya Hilton akiwa pamoja na mkuu wa kikosi cha GSU wa wakati huo. Watu walimwona. Haikuwa usiku wa manane wala kichochoroni. Hapo ndipo alipoonekana hadharani akiwa hai kwa mara ya mwisho.

Siku iliyofuata, mchungaji wa Kimaasai aliukuta mwili katika milima ya Ngong. Polisi waliuchukua, ukapelekwa mochari ya City jijini Nairobi. Ukaandikishwa kama mwili wa mtu asiyejulikana.

Huku nje, familia ilikuwa inamtafuta kila mahali. Uvumi ulienea kila kona, na gazeti moja kubwa likachapisha kwamba JM yuko Zambia. Mtu mashuhuri kuliko karibu wabunge wote nchini alikuwa amelala kwenye droo ya mochari bila jina, huku Wakenya wakisoma kwamba amesafiri. Ilikuwa Machi 11 ambapo wake zake walifika mochari, wakauona mwili, wakasema ni yeye. Alikuwa na umri wa miaka 45. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walimiminika barabarani. Mwili ukaletwa nyumbani Gilgil.

DNA ingefanya nini?

Sasa turudi kwenye swali letu. Mwaka wa 1975 hakuna aliyekuwa na kipimo hiki duniani. Kiligunduliwa Septemba 1984, katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, na mwanasayansi Alec Jeffreys. Aligundua kwamba kuna sehemu za DNA zinazojirudiarudia, na idadi ya marudio hayo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Maabara za leo huangalia takribani sehemu 20 hivi. Sehemu moja tu inaweza kufanana yako na ya jirani. Zote 20 zifanane? Labda kama mko mapacha wa yai moja.

Kesi ya kwanza ya mauaji kutatuliwa hivyo ilikuwa hukohuko Leicestershire, ya wasichana wawili waliouawa 1983 na 1986. Na jambo la kwanza kipimo kilichofanya lilikuwa kumwokoa kijana aliyekuwa tayari amekiri moja ya mauaji hayo. DNA ikasema si yeye. Muuaji halisi alifungwa mwaka wa 1988.

Tuseme basi kipimo hicho kingekuwepo Kenya ya 1975. Faida ya kwanza ingeonekana palepale mochari. Mwili usio na jina unachukuliwa kipande kidogo cha mfupa au jino, mtoto au mzazi anapitishwa pamba mdomoni, matokeo yanalinganishwa. Hata mwili ukiwa umeharibika kiasi gani, jina linarudi. Hili tumeliona hapa kwetu. Baada ya mkasa wa Shakahola mwaka wa 2023, ambapo miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ni vipimo vya DNA vilivyowezesha familia za kwanza kupewa wapendwa wao mwezi Machi 2024. Ilichukua muda mrefu na wengi waliendelea kungoja. Lakini waliopewa, walijua wanamzika nani.

Faida ya pili ni kwenye nguo, viti vya gari, kamba, chochote kilichoguswa. Mtu akikushika kwa nguvu anaacha chembe za ngozi. Akivuja jasho, anaacha. Kwa hivyo DNA ingeweza kusema fulani alimgusa JM, au JM alikaa ndani ya gari fulani.

Hapa ndipo nilipokwama.

Swali ambalo DNA hulijibu vizuri ni hili: nani alikuwa hapa? Kwa kesi ya JM, sehemu kubwa ya swali hilo ilijibiwa bila maabara yoyote. Alionekana na nani? Mashahidi walisema. Bunge liliunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale, mbunge wa Bungoma. Kamati iliita mashahidi, ikawahoji polisi, na Juni 1975 ikaleta ripoti bungeni. Ripoti ilisema polisi walijaribu kuficha ukweli, na ikataja kwa majina watu waliofaa kuchunguzwa zaidi, akiwemo yule mkuu wa GSU. Majina mawili ya watu wa karibu sana na Ikulu yaliondolewa kabla ripoti haijawasilishwa. Hata hivyo wabunge waliipitisha, kwa kura chache tu. Waziri Masinde Muliro na mawaziri wasaidizi wawili waliopiga kura upande wa ripoti walifutwa kazi.

Halafu? Halafu kimya. Hakuna aliyepelekwa kortini akahukumiwa. Mwaka wa 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliirudia kesi hiyo kwenye ripoti yake, nayo ripoti yenyewe ikaanza kula vumbi.

Kwa hivyo swali lililobaki kwa JM ni la pili: nani alitoa amri? Na hilo, rafiki yangu, halipimwi kwa pamba. Amri haitoi jasho. Mtu anaweza kuagiza kifo akiwa amekaa ofisini kwake anakunywa chai, asiache hata unywele mmoja Ngong. Njia ya kumfikia ni kumkamata aliyekuwepo, kumbana mahakamani, hadi amtaje aliyemtuma. Sayansi inaweza kukuletea kiungo cha kwanza cha mnyororo. Kuuvuta mnyororo wenyewe ni kazi ya watu.

Polisi mwingine, mwaka uleule

Ili usidhani nimekata tamaa, nikupe kisa kingine. Mwaka huohuo wa 1975, mwezi wa Septemba, katika mji wa Visalia, California, mhadhiri mmoja wa uandishi wa habari alipigwa risasi nyumbani kwake akimwokoa bintiye kutoka kwa mtu aliyetaka kumteka. Muuaji akapotelea gizani. Katika miaka iliyofuata, wanawake wengi kwenye jimbo hilo walibakwa na watu kadhaa wakauawa. Kesi zikalala miongo minne.

Mwaka wa 2018 wapelelezi walichukua sampuli ya ubakaji iliyokuwa imehifadhiwa tangu 1980, wakaiingiza kwenye tovuti ambayo watu hutafutia jamaa zao. Wakapata binamu wa mbali. Wakachora ukoo mzima, tawi kwa tawi, hadi wakafika kwa mzee aliyekuwa akiishi karibu na Sacramento. Walichukua DNA kwenye mlango wa gari lake na kwenye takataka zake kwa siri. Ikafanana. Joseph DeAngelo alikiri makosa chungu nzima mwaka wa 2020, likiwemo la yule mhadhiri, akafungwa maisha akiwa na miaka 74.

Alikuwa nani mwaka wa 1975? Polisi.

Tofauti ya kisa hiki na cha Ngong ni vitu viwili. Kwanza, kuna mtu alihifadhi sampuli. Ilikaa kwenye friji miaka 38, maafisa wakija na kustaafu, na hakuna aliyeitupa. Pili, jina lilipopatikana, hakuna mkubwa aliyepiga simu kusema liondolewe.

Kenya ya leo ina vifaa. Mkemia wa Serikali anapima DNA kila siku. Idara ya DCI ilifunguliwa maabara yake ya kitaifa mwaka wa 2022. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inairuhusu mahakama kuagiza mshukiwa atoe sampuli. Lakini jiulize: ikiwa anayeshukiwa ni afisa wa usalama, kama ilivyokuwa kwa JM, nani ataokota ushahidi? Nani ataubeba hadi maabara? Nani ana ufunguo wa friji? Bunge lilipitisha sheria mwaka wa 2017 ya kuunda huduma huru ya kuchunguza vifo vya ghafla na vya kutatanisha, ili kazi hiyo isibaki mikononi mwa polisi peke yao. Miaka ikapita, huduma yenyewe haijaanza. Hilo ndilo pengo ambalo mashine ya mamilioni haiwezi kuliziba.

Wewe na mimi tufanye nini?

Siandiki haya ili tulie tu juu ya mzee wa 1975. Vijana wa rika letu wametoweka, na wengine wamepatikana wakiwa maiti. Wewe unayesoma hii huenda unamjua mmoja. Kwa hivyo yashike machache haya.

Mtu wako akipotea, mswaki wake, kichana chake na nguo ambayo haijafuliwa viweke kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, kwa sababu plastiki hushika unyevu na kuharibu DNA. Ripoti polisi na uchukue namba ya OB, iandike mahali zaidi ya pamoja. Mochari ikikuambia hakuna jina lake, uliza kuhusu miili isiyo na majina pia. Wazazi na watoto wake ndio bora kutoa sampuli ya kulinganisha. Aliyeshambuliwa kingono asioge kwanza, aende hospitali mara moja na nguo zilezile. Na ukikuta mahali pamemwagika damu, rudi nyuma. Usiokote, usisogeze, usikanyage kanyage ukitafuta picha ya kuposti.

Hayo ni ya leo. La kesho ni kumuuliza mbunge wako, yule anayekuja na fulana wakati wa kampeni, ile sheria ya 2017 imefikia wapi. Muulize mbele ya watu. JM angeuliza.

Nyanya yangu anasema siku habari ilipofika Bahati, watu waliacha majembe shambani wakakaa kando ya redio hadi giza likaingia, na hakuna aliyewasha taa. Nilimuuliza kama waliwajua waliomuua. Alinyamaza kama kawaida yake. Kisha akaniambia niende nikamwage maji kwenye sukuma wiki.

Nimeelewa baadaye. Nyanya hakukosa jibu. Aliishi miaka mingi mahali ambapo jibu lilijulikana na halikuweza kusemwa. Wewe na mimi tunaweza kusema, na tuna sayansi ambayo yeye hakuwa nayo. Basi ukifika Gilgil safari ijayo, weka simu mfukoni kidogo.